Viatu Vilivyokataa Kuingia

Siku ya Jumatano, kabla hata ya saa nne asubuhi, Shemeji alikuwa ameshapiga simu mara tatu kulalamika kwamba viatu vyake vinaingia vibaya.

"Vibaya vipi?" aliuliza Injinia. Simu alikuwa ameibana kati ya sikio na bega. Mkono mmoja ulikuwa unageuza karatasi kwenye mashine ya kunakili, na mwingine unapokea kitambulisho cha mteja aliyetaka nakala mbili, mbele na nyuma.

"Vinaingia kama wezi," alisema Shemeji. "Mimi nikifika pale, vyenyewe vimeshaingia. Nataka nivione vikiingia."

"Saa mbili ulisema vinachelewa."

"Saa mbili vilikuwa vinachelewa. Sasa hivi vinawahi. Shem, wewe si ndiye injinia? Viweke pale katikati."

Injinia hakuwa injinia. Jina hilo alipewa na huyohuyo Shemeji, mume wa dada yake, siku alipomtegea kengele ya kumwamsha kwenye simu, na mtaa mzima ukalidaka. Kazi yake ilikuwa kunakili na kuchapa karatasi katika duka la vifaa vya ofisi. Kutengeneza kurasa za mtandao alijifundisha mwenyewe kwenye meza ileile, nyakati ambazo wateja hawapo, kwa kufungua kurasa za watu wengine na kuzisoma kwa ndani, mstari kwa mstari, kama mtu anayefumua gauni ili ajue limeshonwaje. Miaka minne ilipita hivyo. Alikuwa ameshawatengenezea kurasa kinyozi mmoja, shule ya udereva na mama mmoja anayepamba keki. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na hakuwa mwepesi wa kumhukumu mtu. Kwa Shemeji, lakini, kufikia Jumatano hiyo wepesi ulikuwa umeanza kumjia.

Alijikaza kwa sababu alijua kilichomsukuma Shemeji.

Shemeji alikuwa fundi viatu, ila si wa kubandika soli kando ya njia. Alishona viatu vya miguu ambayo viatu vya dukani vinaikataa: mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, mguu uliokatwa vidole, nyayo za mgonjwa wa kisukari ambazo hazitakiwi kuguswa na mshono hata mmoja. Kazi yake haikuwa na mshindani wa karibu. Tatizo ni kwamba karakana yake ilikuwa ghorofa ya pili, ngazi arobaini na moja, na jengo halikuwa na lifti. Kwa hiyo waliomhitaji zaidi ndio hasa walioshindwa kumfikia. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akipanda kwa makalio, ngazi mojamoja, mgongo ukitangulia, viatu amevivaa shingoni kwa kamba zake. Akifika juu alikuwa akisema, "Nimefika. Asinipongeze mtu." Wengine waliishia katikati, wakakaa, na Shemeji akashuka na futi yake kuwapima palepale kwenye ngazi huku wapangaji wengine wakiwaruka. Wapo pia waliofika chini, wakatazama juu, wakarudi kwao. Hao Shemeji hakuwajua, na ndio waliokuwa wakimkosesha usingizi.

Sasa hospitali ilikuwa na chumba. Kilikuwa chini, ubavuni mwa chumba cha mazoezi ya viungo, na mlango wake mpana uliweza kupitisha kiti cha magurudumu bila kukwaruza. Kingepewa fundi viatu mmoja tu, na walioomba walikuwa watatu. Muuguzi mkuu, ambaye wote walimwita Matroni, alimtaka kila mmoja atume anwani ya ukurasa wa mtandao wenye picha za kazi zake, maana kamati ya watu watano haikuwa na muda wa kumpandia mtu ngazi. Wangeamua Ijumaa, saa kumi alasiri.

Ndipo Injinia akatengeneza ukurasa. Juu kabisa aliweka jina la karakana na picha ya mlango wake wa kijani. Chini yake vilifuata viatu kumi na viwili, kila kimoja na maneno machache: ni cha mguu wa namna gani, na mwenyewe sasa anatembea vipi. Viatu alivipiga picha juu ya shuka jeupe karibu na dirisha, kimoja kimoja, bila haraka. Vilipendeza. Mtu aliyevitazama aliweza kuhesabu mishono.

Shemeji alivitazama kwa muda, kisha akasema, "Mbona vimesimama tu?"

"Ni viatu, Shemeji."

"Najua ni viatu, mimi ndiye niliyevishona. Nasema vimesimama. Juzi nimeona ukurasa wa hoteli moja, ukishuka chini vitu vinakuja kukupokea. Picha zinatoka pembeni, zinakaa. Maneno yanapanda. Mtu unajiona umekaribishwa."

"Vya kwako vitoke wapi?"

"Kushoto," alisema Shemeji, kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kulifikiria jambo hilo kitandani. "Polepole. Kama mgeni wa heshima."

Injinia alimpigia dada yake amwombee nafuu. Dada alicheka mpaka akakohoa. "Mpe tu, mdogo wangu. Huyo akitaka kitu hachoki. Unadhani mimi niliolewaje?"

Basi akampa. Jinsi inavyofanyika alimweleza mapema, ili asije akasema hakuambiwa. Kwanza unakificha kitu. Halafu ukurasa unangoja, unamchungulia msomaji anavyoshuka. Akifika mahali pake, ndipo kitu kinafunuliwa na kuletwa.

"Kwa hiyo ni lazima kwanza uvifiche?" aliuliza Shemeji.

"Ni lazima."

"Vifiche basi. Shida iko wapi?"

Injinia hakuweza kusema shida iko wapi. Aliona tu si vizuri kuficha kitu ambacho umeombwa ukionyeshe. Lakini hisia haijawahi kuwa jibu, naye alikuwa mtu wa kupima. Alikuwa na daftari la jalada gumu lenye mambo thelathini na moja ya kukagua kabla ukurasa haujatoka mkononi mwake: kwenye kompyuta ya duka, kwenye simu yake, dirisha likipanuliwa, dirisha likibanwa, mtandao ukiwa mzito, maandishi yakikuzwa kwa asiyeona vizuri. Jumanne alikagua yote, moja baada ya jingine, akaweka alama ya vema thelathini na moja kwa kalamu ya bluu.

Sasa ilikuwa Jumatano, na Shemeji alikuwa kwenye simu anataka viatu viwekwe "pale katikati".

"Haya," alisema Injinia. "Hebu ngoja." Alimpa mteja nakala zake, akavuta kibao cha kompyuta, akatafuta tarakimu moja. Tarakimu hiyo iliuambia ukurasa uvilete viatu mara tu sehemu ya kumi ya kundi lao inapoingia kwenye dirisha la msomaji. Aliifuta, akaandika nusu. Viatu visije mpaka nusu ya kundi lote iwe ndani. Akaufungua ukurasa kwenye kompyuta ya duka, akashuka, viatu vikasubiri, vikaja. Akaufungua kwenye simu yake, vikaja. "Tazama sasa."

Ukurasa ulifunguliwa upande wa pili. Kisha kelele kama za mtu ambaye timu yake imefunga bao.

"Hapohapo! Hapohapo, Shem! Usiguse tena hata nukta!"

Mbele ya meza walikuwa wamesimama wateja sita, wa kwanza akigongagonga meza kwa funguo. Injinia alilitupia jicho daftari. Alama thelathini na moja za bluu zilikuwa mahali pake, safi, zimenyooka. Alilifunga, akaliweka chini ya mkasi.

Jioni ile alituma anwani ya ukurasa kwa watu wa nyumbani. Dada aliandika kwamba mumewe ameufungua mara ishirini na sasa anawafungulia majirani. Mama yao alipiga simu, maana kuandika ujumbe kulimchosha.

"Nimeuona, mwanangu. Mzuri. Msafi sana."

"Umevipenda, mama?"

"Nimependa. Mwambie mkwe wangu hongera, ule mlango ameupaka rangi nzuri."

Injinia alishukuru. Baada ya kukata simu aliwaza kidogo kwamba viatu kumi na viwili vimeshonwa kwa mkono, na mama amesifia mlango. Kisha akaona ni mambo ya wazee, akayaacha.

Alhamisi Shemeji alipiga simu mara tano. Je, kiatu cha pili kinaweza kungoja cha kwanza kikae ndipo nacho kije? Je, maneno nayo yanaweza kutoka kulia yakakutana na picha katikati? Je, jina lake huko juu linaweza kupumua kidogo? "Kupumua vipi?" "Linakua, linapungua. Kama kifua." Injinia alijibu hapana mara tano, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, mpaka ile ya tano ikawa karibu pumzi tu. Mwenye duka akamuuliza kama anaumwa.

Ijumaa, saa saba na nusu mchana, Shemeji hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, mbio, aproni yake ya ngozi ikiwa bado kiunoni na sindano nene ikiwa imechomekwa kifuani. Alipenya kwenye foleni hadi mbele, watu wakaguna.

"Matroni amepiga," alisema. Alikuwa anahema. "Anasema ameona jina. Ameona mlango. Halafu ameona weupe. Halafu namba yangu ya simu. Ananiuliza, fundi, kazi ziko wapi? Kanipa mpaka saa kumi. Umefanya nini?"

"Mimi nimefanya nini?"

"Viatu havipo!"

"Viatu vipo, Shemeji. Punguza sauti."

Aliugeuza uso wa kompyuta ili wote wawili waone. Aliufungua ukurasa. Mlango wa kijani ukatokea, akashuka, viatu vikasubiri, vikaja kutoka kushoto, polepole, kama wageni wa heshima. Kumi na viwili. Mteja mmoja kwenye foleni akasema, "Duh, vizuri," na Shemeji, pamoja na yote, akageuka kumwonyesha meno.

Injinia aliubana ukurasa uwe mwembamba kama simu. Vilikuwapo bado, vimejipanga kimojakimoja kwenda chini. Akafungua simu yake. Vilikuwapo.

"Tatizo ni simu yake," alisema Shemeji.

"Tatizo ni simu yake," alikubali Injinia kwa faraja.

"Basi nampigia, namwambia aazime simu ya mtu."

Tayari alikuwa anatafuta namba. Injinia alimwangalia kidole kikishuka kwenye majina, na akaisikia sentensi ile jinsi itakavyofika upande wa pili: Matroni, kazi zangu ni nzuri, ila utafute simu nyingine. Ilikuwa sawa na kumwambia mwalimu mstaafu kwamba karakana ni nzuri, ila atafute miguu mingine.

"Usipige," alisema. "Muulize kwa ujumbe tu, simu yake ikoje."

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili. Ndogo, ya zamani, kioo kimepasuka pembeni. Ameshaizoea.

Simu ndogo, ya zamani. Injinia naye alikuwa nayo moja, mpaka mwaka uliopita aliponunua kubwa na ile ndogo akampa mama. Alipiga.

"Mama, ule ukurasa wa Shemeji niliokutumia. Ufungue sasa hivi, uniambie unaona nini."

"Nilikwisha kuuona, mwanangu, si nilikwambia?"

"Ufungue tena, mama. Tafadhali."

Ilisikika miwani ikitafutwa, ikapatikana, ikafutwa. "Haya. Jina la mkwe wangu. Mlango."

"Shuka chini. Unaona nini?"

"Naona nafasi."

"Nafasi gani?"

"Nyeupe. Ndefu hiyo, mpaka kidole kinachoka. Halafu namba za simu."

Injinia alifumba macho. "Na Jumatano ulipoufungua, ilikuwa hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Nikajua bado mnajenga. Nikasema, hapa penye nafasi wataweka kitu."

"Mama! Mbona hukusema?"

"Wewe uliniuliza kama nimeupenda. Nami nimeupenda. Mngeniuliza viatu, ningewaambia sijaviona."

Shemeji, aliyekuwa amebandika sikio upande wa pili wa simu, alijishika kichwa kwa mikono miwili. Injinia aliagana na mama yake kwa adabu yote aliyobakiwa nayo. Kisha akaufunga ukurasa kabisa, akalibana dirisha kwanza, likiwa tupu, kwa upana wa simu ya mama. Halafu ndipo akaufungua.

Jina. Mlango. Weupe. Alishuka, weupe. Alishuka tena, weupe uleule, mrefu kama shuka la kuanika, mpaka chini kabisa penye namba ya simu.

Shemeji alinyoosha kidole, akaugusa ule weupe kwenye kioo.

Mara ya kwanza, Injinia alielewa sasa, alikuwa amejidanganya mwenyewe: aliufungua ukurasa ukiwa mpana, viatu vikafunuliwa, ndipo akaubana. Kilichokwisha kufunuliwa hakijifichi tena. Matroni na mama waliufungua ukiwa mwembamba tangu mwanzo. Lakini kwa nini visije?

Alichukua karatasi kumi na mbili tupu kutoka kwenye trei ya mashine.

"Wewe, wateja tunasubiri," alisema mmoja kwenye foleni, akigongagonga meza kwa funguo.

"Dakika moja, kaka yangu. Samahani."

Alizipanga mezani, nne kwa tatu, kama viatu vinavyojipanga kwenye kompyuta. Juu yake akalaza kifuniko kikubwa cha boksi la karatasi. "Hili ndilo dirisha. Nusu ya karatasi zimo ndani?"

"Zimo na zaidi," alisema Shemeji.

"Basi zinaletwa." Akazizoa karatasi, akatoka nyuma ya meza, akapiga magoti, akazipanga sakafuni mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, toka kwenye mashine mpaka karibu na mlango. Foleni ikaachia njia. "Kwenye simu kubwa kama yangu zinakaa tatutatu, nusu inaenea. Kwenye simu ndogo zinajipanga hivi. Na dirisha lenyewe ni dogo pia." Alichukua bahasha ya khaki, akailaza juu ya mstari. Ilifunika karatasi moja, na kipande cha nyingine. "Nusu ya kumi na mbili ni ngapi?"

"Sita."

"Sita zitaenea humo?"

Shemeji aliinama, akaisogeza bahasha mbele, akairudisha nyuma. Akaizungusha. "Haziwezi kuenea."

"Hata ushuke wapi?"

"Hata nishuke wapi."

"Nasi tumeziambia zisije mpaka nusu nzima iingie. Basi zinasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka milele, Shemeji. Zimejificha, zinasubiri kitu ambacho hakiwezi kutokea."

Mwenye funguo, aliyekuwa ameacha kugonga, akasema, "Ah. Kumbe." Hakuna aliyemjibu.

Shemeji alibaki amechuchumaa, bahasha mkononi. "Pale katikati," alisema polepole. "Ni mimi niliyesema pale katikati."

Injinia alikuwa na sentensi yake tayari. Alikuwa nayo tangu Jumatano, imekaa kooni, imenolewa na simu nane, na sasa mlango ulikuwa wazi na hata mashahidi walikuwapo. Alifungua kinywa. Jicho likaangukia daftari chini ya mkasi. Alama thelathini na moja, safi, zimenyooka. Zote za Jumanne. Ile nusu iliingia Jumatano, na baada yake hakukagua chochote zaidi ya kuitazama mara mbili huku foleni ikimkodolea macho. Zile alama za vema zilikuwa za ukurasa mwingine.

"Wewe uliomba tu," alisema. "Wa kupima nilikuwa mimi."

Ilimuuma zaidi ya alivyotarajia. Alirudi mezani. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

"Rudisha ile sehemu ya kumi," alisema Shemeji nyuma yake. "Ya Jumanne. Si ilikuwa inafanya kazi?"

"Naondoa yote."

"Yote? Hapana, Shem, subiri kwanza. Rudisha tu ile ya mwanzo."

"Shemeji, Matroni anataka kuona viatu."

"Ataviona! Ila vinakuja. Hata kimoja basi. Kile cha kwanza, cha mwalimu. Kimoja tu kitoke kushoto."

Injinia aligeuka. Sauti yake haikupanda, ila kila neno lilitoka peke yake, kama karatasi kwenye mashine. "Shemeji. Kuna mtu anapanda ngazi zako kwa makalio."

Shemeji alichomoa sindano kifuani, akaitazama, akairudisha. "Ondoa," alisema.

Aliondoa. Haikuchukua dakika kumi. Kuvifanya viingie kulikula siku tatu. Alilibana dirisha likiwa tupu, akaufungua ukurasa, viatu vikawapo, vimesimama tu. Kisha akachukua daftari, akageuza ukurasa mpya, akaanza kuandika moja, mbili, tatu.

"Unafanya nini?" Shemeji alinong'ona kwa uchungu. "Tuma!"

"Nakagua."

"Thelathini na moja?"

"Thelathini na mbili. Nimeongeza simu ya mama."

Mwenye duka mwenyewe alikuja kuwahudumia wateja, bila kuuliza, kwa jinsi sura za wale wawili zilivyokuwa. Shemeji alisimama kwa mguu wa kulia, akasimama kwa wa kushoto. Kila alama ilipowekwa alitoa mguno kama anayevutwa jino. Kwenye ile ya mwisho Injinia alimpigia tena mama, mama akatafuta miwani tena, na Shemeji akatoka nje, akazunguka gari lililoegeshwa mara mbili, akarudi.

"Sasa naona viatu," alisema mama. "Si nilisema mtaweka kitu? Hiki cha kamba mbili ni cha nani?"

Saa tisa na robo. Simu huwa na tabia ya kuhifadhi ukurasa wa zamani na kumwonyesha mtu kilekile alichokwisha kukiona, na Injinia hakutaka kumfundisha muuguzi mkuu kusafisha simu dakika arobaini na tano kabla ya kikao. Aliuweka ukurasa kwenye anwani mpya, akaituma. Wakangoja. Dakika nane baadaye simu ya Shemeji iliita. Aliiangalia kama kitu kinachouma, akampa Injinia.

"Nimeona," alisema Matroni.

Shemeji alinyanyua ngumi zote mbili juu. Lakini Injinia alikuwa ameshaambiwa "nimeona" mara moja wiki hiyo.

"Samahani, Matroni. Umeona nini?"

Upande wa pili alikohoa mtu asiyezoea kuulizwa. Kisha Matroni akaanza, kwa sauti ya anayesoma cheti cha mgonjwa. "Kiatu cha kahawia, soli yake nene upande mmoja. Cheusi, hakina mshono ndani. Kidogo, cha mtoto, kina chuma ubavuni." Aliendelea hivyo. Alipofika cha saba alisita. "Huyu mgonjwa namjua. Kumbe siku hizi anatembea?" Hakungoja jibu. Cha nane, cha tisa. "Na cha kumi na mbili kina kamba mbili. Umeridhika, binti?"

"Nimeridhika, Matroni. Asante."

"Mimi pia. Wale wenzenu, mmoja kurasa zake zinarukaruka, nimepata kizunguzungu." Akakata.

Injinia hakuyarudia maneno hayo ya mwisho kwa Shemeji. Hata leo hajayarudia.

Chumba walikipata. Wiki ya tatu alikwenda kubandika mlangoni karatasi ya saa za kazi, kaichapa mwenyewe, herufi kubwa. Shemeji alikuwa anagongomea rafu. Kwenye varanda kulisikika hatua, moja nzito, moja nyepesi, na mwalimu mstaafu akatokea upande wa kushoto wa mlango. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kahawia miguuni, si shingoni. Alisimama kizingitini, akatafuta ngazi kwa macho, hakuiona hata moja. Akaingia, polepole, akakaa kwenye kiti cha kwanza.

"Nimefika," alisema. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na cha kupongezwa, akaishia hapo, akatazama rafu.

Injinia alijikuta ameishika ile karatasi kwa nguvu mpaka imejikunja pembeni.

Shemeji akamsogelea sikioni. "Umemwona alivyoingia?"

"Nimemwona."

"Kutoka kushoto."

"Shemeji."

"Polepole."

"Shemeji, naomba."

"Nasema tu. Sasa chumba tumekipata, haraka haipo tena. Kile kimoja, cha mwalimu, hatuwezi kukirudisha hata kwa majaribio?"

Injinia alimpa nyundo aliyokuwa ameiweka chini, akamgeuza kwa mabega kuelekea kwenye rafu, akarudi kuinyoosha karatasi yake.